Mtoto wa Watumwa Aliyekwenda Kusoma Historia

Nataka kuanza habari hii kwa kueleza aibu yangu mwenyewe. Nilipomaliza mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha ualimu nilirudi nyumbani kwa likizo, na kichwa changu kimejaa tarehe za nchi za mbali. Niliweza kutaja bila kusita mwaka ambao Columbus alifika katika visiwa vya Amerika, 1492. Mwaka ambao Waingereza walijenga kijiji chao cha Jamestown, 1607. Mwaka ambao merikebu iitwayo Mayflower ilitia nanga, 1620. Na mwaka ambao watu wa makoloni yale walijitangazia uhuru, 1776. Jioni moja nilikuwa nikiwasomea wadogo zangu tarehe hizo uani, na bibi mmoja jirani yetu ameketi mkekani akichambua mboga. Hata nilipokwisha akaniuliza, “Mwalimu, hayo yote umeyasoma kweli. Basi niambie, babu zetu walihamia kilima hiki lini, nao walikuwa wakikimbia nini huko walikotoka?” Nikanyamaza kimya. Naye hakunicheka, bali alisema tu, “Haya, mjukuu wangu, ya mbali umeyaona, ya mlangoni yamekupita.”

Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi. Kwanza nilidhani kwamba kosa ni la masomo yale, nami nikataka kuviacha vitabu vya Ulaya na Marekani nisivifungue tena. Walakini hapo nilikosea mara ya pili. Kwani ndani ya masomo yale yale nilikutana na habari za mtu aliyepewa swali linalofanana na la bibi yule, naye akalijibu kwa kazi ya maisha yake yote. Mtu huyo ni Carter Godwin Woodson. Nataka kuwasimulia jinsi alivyosoma historia ya watu wa Magharibi katika vyuo vyao, na jinsi alivyoitumia elimu hiyo, maana naona kwamba habari zake zatuhusu sana sisi tulio vijijini.

Woodson alizaliwa tarehe 19 Desemba 1875 katika kijiji cha New Canton, jimbo la Virginia, nchi ya Marekani. Katika jimbo hilo hilo, mwaka 1619, Waafrika ishirini na zaidi kidogo waliteremshwa kutoka merikebuni wakauzwa kwa walowezi. Utumwa ukaenea, hata katika hesabu ya watu ya mwaka 1860 watumwa katika nchi ile walikuwa karibu milioni 4. Kisha ikaja vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 hata 1865, na mwisho wake watumwa wote wakaachwa huru. Baba yake Woodson na mama yake walikuwa miongoni mwao. Walikuwa watu huru, lakini walikuwa maskini sana. Shule ya pale ilifunguliwa miezi michache tu katika mwaka, na mtoto alihitajiwa shambani. Baba hakujua kusoma wala kuandika. Jioni mwana alimsomea gazeti, na baba akasikiliza.

Alipokuwa kijana alikwenda jimbo la West Virginia kuchimba makaa ya mawe. Huko palikuwa na mchimbaji mmoja, mtu mweusi aitwaye Oliver Jones, aliyekuwa askari katika vita ile ya kuwakomboa watumwa. Nyumbani kwake wachimbaji walikusanyika baada ya kazi, kula na kupumzika. Jones hakujua kusoma, lakini alipenda sana habari, akanunua vitabu na magazeti. Basi akapatana na kijana Woodson kwamba awasomee watu wale, naye atapewa chakula bure. Hivyo kila jioni kijana alisoma kwa sauti, na wazee wale wenye masizi ya makaa usoni wakasikiliza, kisha wakazungumza. Gazeti likitaja habari za vita, yuko aliyesema, “Mimi nilikuwapo, haikuwa hivyo.” Likitaja habari za watumwa, yuko aliyeonyesha alama za viboko mwilini. Wengi wao walikuwa wametumika katika jeshi la Kaskazini, ambalo ndani yake askari weusi walipata 180,000 hivi.

Baadaye Woodson alisema kwamba katika nyumba ile ndipo hamu yake ya kujua mambo ya watu wake ilipozidi. Fikirini jambo hilo. Watu wale hawakuweza kusoma hata mstari mmoja wa historia, lakini wao wenyewe ndio historia. Yaliyomo gazetini waliyapima kwa waliyoyaona kwa macho yao.

Mwaka 1895, akiwa na umri wa karibu miaka 20, Woodson aliingia shule ya sekondari katika mji wa Huntington. Aliketi pamoja na watoto waliokuwa wadogo zake kwa miaka mingi, wala hakuona haya. Akamaliza kwa miaka miwili. Kisha akawa mwalimu, akawa akifundisha na kusoma kwa zamu, hata mwaka 1903 akapata shahada katika chuo cha Berea, jimbo la Kentucky. Chuo hicho kiliasisiwa na watu waliochukia utumwa, na weusi na weupe walisoma humo darasa moja. Walakini mwaka uliofuata, yaani 1904, bunge la jimbo lile lilitunga sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja. Chuo kikapeleka shauri mahakamani, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha sheria ile. Basi Woodson alipita mlangoni, na nyuma yake mlango ukafungwa kwa watu wa rangi yake.

Mwaka huo wa 1903 alikwenda kufundisha katika visiwa vya Ufilipino, ambavyo wakati ule vilikuwa chini ya Marekani. Huko aliona jambo ambalo kila mwalimu alifikiri. Waalimu wengi walioletwa kutoka Marekani walikuwa na shahada kubwa, lakini watoto hawakuelewa. Waliwafundisha kuimba juu ya kuutikisa mti wa tofaa, na watoto hawajapata kuuona mti huo tangu kuzaliwa. Palikuwa na mwalimu mmoja ambaye hakusomea ualimu hata kidogo; huyo aliwafundisha kuimba juu ya mti wa lomboi, uliokuwa ukimea kwao, ambao waliutikisa kila siku. Na badala ya kuanza na habari za George Washington, aliwasomea habari za José Rizal, shujaa wa nchi yao wenyewe. Huyo ndiye aliyefaulu. Baada ya kuyajua yaliyo kwao, watoto waliweza kupanda hata yaliyo mbali. Woodson hakulisahau jambo hilo, akaliandika miaka 30 baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1933, ambamo anaeleza jinsi watu weusi walivyofundishwa vibaya.

Kutoka Ufilipino alizunguka nchi nyingi, akasoma kwa muda huko Paris, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Chicago. Huko, mwaka 1908, alipata shahada mbili. Na insha yake kubwa haikuwa juu ya watu weusi, bali juu ya siasa ya Ufaransa kwa Ujerumani katika vita vya karne ya 18. Natumaini msomaji ataliangalia neno hilo vema. Mtu huyu hakuikwepa historia ya Wazungu. Aliisoma katika lugha zao, akazipima hati za wafalme wao, mpaka waalimu wao wakakiri kwamba anaijua kazi.

Hapa yafaa nieleze kidogo kusoma historia chuoni ni kazi gani, maana wengi hudhani ni kukariri majina ya wafalme na miaka ya vita. Desturi ya sasa ilipata nguvu huko Ujerumani katika karne ya 19. Mjini Berlin mwalimu Leopold von Ranke aliwakusanya wanafunzi wachache, akawafundisha wasitegemee masimulizi ya waandishi wa baadaye, bali wazitafute hati zenyewe za wakati ule na kuzichungua. Wamarekani waliosoma Ujerumani wakaileta desturi hiyo kwao. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa katika mji wa Baltimore mwaka 1876, kikawa mashuhuri kwa kazi hiyo. Na mwaka 1884 wanahistoria wa Marekani wakaunda chama chao cha nchi nzima.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Ni kama baraza la wazee wanapohukumu kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Wazee hawamsikilizi aliyeshitaki peke yake. Humwuliza shahidi: Ulikuwapo? Ulisimama wapi? Una udugu na nani katika hawa wawili? Mbona mwenzako asema vingine? Na mwanahistoria huuliza barua, daftari la kodi, orodha ya ubatizo na kumbukumbu za mahakama maswali yale yale: Nani aliandika? Aliandika lini? Alitaka nani amwamini? Ni nani ambaye hakuulizwa? Mtu akijifunza kuuliza hivyo, amepata kitu kilicho bora kuliko tarehe elfu.

Walakini chombo kizuri kikiwa mkononi mwa mtu mwenye upendeleo huchonga kilichopinda. Wataalamu wa Ulaya walizoea kuihesabu historia kama mto mmoja: chemchemi yake Wayunani, kisha Warumi, kisha mataifa ya Ulaya, na mwisho Marekani. Baada ya vita kuu ya 1914 hata 1918 vyuo vya Marekani vilianza kuwafundisha vijana mto huo wote kwa taratibu moja. Chuo Kikuu cha Columbia katika New York kilianzisha somo lake mwaka 1919, na vyuo vingi vikafuata. Somo hilo lina faida nyingi, nami sitaki kulidharau. Lakini Afrika ilikuwa wapi? Hegel, mwanafalsafa mkuu wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1831, alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kwamba Afrika haina historia. Na walio wengi walimwamini bila kumwuliza maswali ya baraza. Ajabu ni kwamba katika mto huo huo Augustino husomwa kama mmoja wa waalimu wakubwa wa Magharibi, naye alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni katika nchi ya Algeria. Maji ya Afrika yalikuwamo mtoni, ila jina la Afrika halikutajwa.

Woodson alipotoka Chicago aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, kilicho cha kwanza kwa ukongwe katika Marekani, na mwaka 1912 akapata shahada ya udaktari katika historia. Si udaktari wa dawa, bali cheo cha juu cha elimu. Alikuwa mtu mweusi wa pili kupata shahada ya namna hiyo pale. Wa kwanza alikuwa W. E. B. Du Bois, mwaka 1895. Lakini kati ya wote waliofika hapo, Woodson ndiye ambaye baba yake na mama yake walikuwa wameishi utumwani. Alisimulia baadaye kwamba mmoja wa waalimu wake huko alisema watu weusi hawana historia ya kufaa kuchunguzwa. Mwalimu huyo hakuwa mjinga. Alikuwa bingwa wa hati na vitabu. Kosa lake ni kwamba hakupata kuwauliza watu kama wale waliokaa nyumbani kwa Oliver Jones.

Mtu aweza kusema, “Hayo ni maneno ya wasomi, yatamdhuru nani?” Yalidhuru watu wengi sana, nami nitatoa mfano. Baada ya vita kwisha mwaka 1865, Katiba ya Marekani ilibadilishwa mara tatu: utumwa ukakomeshwa, kisha mwaka 1868 watu weusi wakahesabiwa kuwa raia, kisha mwaka 1870 wanaume wao wakapata haki ya kupiga kura. Katika majimbo ya Kusini watu waliokuwa watumwa jana wakachaguliwa kuingia mabaraza ya serikali. Mwaka 1870 Hiram Revels, mhubiri na mwalimu, akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Baraza la Seneti la Marekani. Katiba mpya za majimbo, zilizotungwa na weusi na weupe pamoja, ziliweka msingi wa shule za serikali, ambazo hapo kwanza zilikuwa chache mno upande ule. Lakini watu weupe waliokataa mambo hayo walitumia hila na mauaji, na mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliacha kuwalinda watu weusi wa Kusini. Haki zao zikanyang'anywa moja moja.

Basi, katika Chuo Kikuu cha Columbia mwalimu William Dunning pamoja na wanafunzi wake waliandika vitabu vingi juu ya miaka hiyo. Walizisoma hati kwa bidii kubwa. Walakini walizoamini zaidi ni barua na magazeti ya waliokuwa mabwana wa watumwa. Wakahukumu kwamba kumpa mtu mweusi kura lilikuwa kosa kubwa, kwa kuwa hakuwa na akili ya kutawala. Hukumu hiyo ikaingia katika vitabu vya shule, watoto weupe na weusi wakaikariri pamoja, na watawala wakaishika kama ngao kila walipoulizwa kwa nini mtu mweusi hapigi kura. Hata ilipopitishwa sheria ya mwaka 1965 ndipo kura ile ikalindwa kwa nguvu ya serikali. Hesabuni miaka tangu 1877 hata 1965, ni miaka 88. Kesi iliyohukumiwa kwa ushahidi wa upande mmoja iliwaadhibu watu vizazi vitatu.

Du Bois alisimama kuipinga hukumu hiyo. Desemba 1909 aliwasomea wanahistoria waliokutana New York hoja yake juu ya mema yaliyofanywa katika miaka ile, nayo ikachapishwa katika jarida lao mwaka 1910. Wengi waliendelea kufundisha kama zamani. Mwaka 1935 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na katika sura ya mwisho akawashitaki wanahistoria wenyewe kwa kuificha kweli. Leo, baada ya miaka mingi ya uchunguzi, wanahistoria walio wengi wamekiri kwamba Du Bois alikuwa karibu zaidi na haki kuliko Dunning.

Woodson alishika njia nyingine ya vita hivyo hivyo. Alifikiri kwamba haitoshi kubishana. Sharti hati zikusanywe kabla hazijaoza. Septemba 1915, mjini Chicago, yeye na wenzake wachache wakaunda chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Januari 1916 likatoka jarida la kwanza. Fedha hazikuwapo, akakopa dola 400 kwa dhamana ya bima ya maisha yake ili kulipa gharama. Hakuoa, nyumba yake katika Washington ilikuwa ofisi na ghala ya vitabu, naye akalala juu ghorofani. Alikusanya barua zilizoandikwa na watu weusi kabla ya vita, akazichapisha mwaka 1926 katika kitabu kimoja, ili watu wasikie sauti zao wenyewe.

Lakini kati ya kazi zake zote iko moja inayonishangaza zaidi, nayo ni ndogo. Mwaka 1924 alichapisha orodha aliyoitoa katika hesabu ya watu ya mwaka 1830. Ni orodha ya watu weusi walio huru ambao wao wenyewe walikuwa na watumwa. Alieleza kwamba wengi wao walikuwa wamemnunua mke, au mume, au mtoto, ili kumtoa mikononi mwa mwingine. Lakini majina yamo, yote aliyoyaona, pamoja na ya wale waliotafuta faida. Adui zake wangeweza kuichukua orodha hiyo na kumpiga nayo. Hata hivyo aliichapisha. Aliwataka wanahistoria weupe wasifiche ushahidi, basi yeye naye hakuficha wa kwake.

Mwezi wa Februari 1926 alianzisha juma moja la kila mwaka la kufundisha historia ya watu weusi katika shule na makanisa, katika majira ya kukumbuka kuzaliwa kwa Abraham Lincoln na Frederick Douglass. Mwaka 1937 akaanza jarida jepesi kwa ajili ya waalimu wa shule. Alifariki tarehe 3 Aprili 1950. Mwaka 1976 juma lile lilifanywa kuwa mwezi mzima, nao huadhimishwa Marekani mpaka leo.

Hata upande wetu wa Afrika Mashariki kazi kama hiyo haikukosa mtu wa kuifanya. Karibu na Mombasa, katika miaka ya 1870, wamisionari walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. James Mbotela alikuwa mwana wa mmoja wa watu hao waliookolewa, naye akaandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Kilikuja mwaka mmoja tu baada ya kile cha Woodson nilichokitaja. Watu wawili, kila mmoja mwana wa mtumwa aliyekombolewa, huyu ng'ambo ya bahari ya Atlantiki na huyu kando ya bahari yetu, walikataa kwamba baba zao wapite duniani bila kuandikwa.

Sasa narudi kwa bibi yangu wa mkekani. Likizo iliyofuata nilinunua daftari, nikaenda kumwamkia, nikamwomba anisimulie. Nilifanya kama nilivyofundishwa: niliandika jina la msimulizi, siku ya kusimulia, na yeye naye aliyasikia kwa nani. Kisha nikawaendea wazee wengine wawili, nikaona kwamba hawapatani. Mmoja alisema babu zetu walihama kwa ajili ya njaa, mwingine alisema kwa ajili ya vita. Nikayaandika yote mawili, sikumfuta hata mmoja.

Lakini bibi alinisimulia jambo ambalo wengine hawakulisema. Alisema kwamba katika njaa ile watu wa ukoo wetu walimtoa binti mmoja kwa watu wa bondeni, wakapewa mtama, wala hawakurudi kumkomboa. Ndiyo maana, alisema, tulihama. Si njaa tu wala si vita tu, bali haya. Nilipowasomea wazee niliyoyaandika, baba yangu mkubwa alikasirika, akasema, “Hilo lisiandikwe. Unataka watoto wetu watukanwe kisimani?” Nikaogopa, maana yeye ndiye aliyenilipia karo. Usiku ule nilitaka kuung'oa ukurasa.

Ndipo nikakumbuka orodha ya mwaka 1830. Asubuhi nilikwenda kwa baba mkubwa, nikampa shikamoo, nikamweleza habari za Woodson tangu mgodini hata orodha ile. Nikamwambia, “Baba, tukiufuta ukurasa huu, yule binti atakuwa ametolewa mara mbili.” Alikaa kimya muda mrefu akiichezea fimbo yake. Mwisho akasema, “Basi andika. Lakini jina la aliyemtoa usilitaje, maana wajukuu wake wako hai nao hawakukosa. Jina la binti ulitaje, maana yeye hakumkosea mtu.” Kisha akanitajia jina lake. Bibi alikuwa amelisahau. Yeye alikuwa akilijua miaka yote.

Wasomaji wapenzi, bibi yule sasa ametangulia, na daftari lipo. Waliokwenda vyuoni wasidharau kusoma historia ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa katika hiyo tutajifunza jinsi ya kumwuliza shahidi. Lakini wasirudi nyumbani na tarehe peke yake. Na wasiokwenda vyuoni wasidhani kazi hii si yao, maana anayejua kusoma barua anaweza kuandika maneno ya mzee. Nunueni daftari. Andikeni ni nani amesema, siku gani, na alisikia kwa nani. Waulizeni wawili au watatu, na wasipopatana msiwalazimishe. Waulizeni na wanawake, kwani mara nyingi hawaulizwi. Mkifikia neno la aibu, tafuteni ushauri wa wazee juu ya jinsi ya kuliandika. Lakini msiung'oe ukurasa.